Vijana wetu na amana ya kupima mzigo wa kanuni

 

Ndugu zangu Waislamu, kila mwaka masomo ya darasani yanapomalizika, wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hutawanywa katika wizara, halmashauri, mashirika na taasisi za utafiti kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Wenyewe huyaita "fildi". Kwa kawaida ni wiki nane hivi. Daktari mtarajiwa hupelekwa hospitali, mwalimu mtarajiwa hupelekwa shule, na hawa wazazi huwaelewa bila ya maelezo. Lakini yuko kijana mwingine, anayesoma uchumi, takwimu, sheria au utawala wa umma, ambaye hurudi nyumbani jioni akamwambia baba yake kwamba kazi aliyopewa ni kuchunguza kanuni fulani ya serikali imewaletea watu hasara gani na faida gani. Baba husikiliza, hutikisa kichwa, kisha huuliza swali moja tu: Wanakulipa?

Swali hilo silaumu. Nauli ya daladala ni fedha na chakula cha mchana ni fedha, na si kila mwanafunzi anayepata mkopo wa Bodi wenye fungu la mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo liko swali kubwa zaidi ambalo mzazi wa Kiislamu anapaswa kuliuliza, nalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: Hicho unachokihesabu, mwanangu, unakihesabu kwa haki? Kwani kijana huyo, ajue asijue, ametiwa katika kazi ya ushahidi, na ushahidi katika dini yetu una hukumu zake.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Sheria hupitishwa na Bunge baada ya kujadiliwa hadharani. Chini ya sheria hizo mawaziri hutunga kanuni, na halmashauri nazo hutunga sheria ndogo zake. Hizi ndizo zinazomgusa mtu wa kawaida kila siku: ada ya leseni, kibali cha kuuza chakula, ushuru wa mazao, aina ya mfuko wa kubebea nyama, ukubwa wa matundu ya wavu wa mvuvi. Wengi wetu huijua kanuni siku tunayokutana na mgambo. Basi anayetumwa kuchambua athari za kiuchumi za kanuni hutakiwa ajibu maswali machache yanayoonekana mepesi. Nani analipa? Analipa kiasi gani, kwa fedha na kwa muda? Nani ananufaika? Na kama kanuni hii isingekuwepo, hali ingekuwaje? Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo wengi huliruka.

Wanaodhani kwamba hesabu za namna hii ni uzushi wa Wazungu warejee historia. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kutoka kwa Amr bin Maymun kwamba alimwona Sayyidna Umar bin Khattab (R.A) mjini Madina, siku chache kabla ya kupigwa kisu, amesimama na Hudhayfa bin al-Yaman na Uthman bin Hunayf. Hao wawili ndio waliopewa kazi ya kupima ardhi ya Iraq na kukadiria kodi yake. Umar hakuwauliza wamekusanya kiasi gani. Aliwauliza kama hawakuitwisha ardhi ile mzigo isioweza kuubeba. Wakamjibu kwamba wameitwisha inayoumudu, wala hakuna ziada kubwa. Hakutosheka. Akawarudia tena, awataka watazame vizuri wasije wakawa wamepindukia. Kisha akasema kwamba Allah akimpa umri atawaacha wajane wa Iraq wasimhitaji mwanamume yeyote baada yake. Hazikupita siku nne akapigwa kisu.

Tutazame ni nini kilichokuwa akilini mwa kiongozi yule. Kodi ya ardhi, na papo hapo mjane. Alijua kwamba kiwango kinachoandikwa na mpimaji shambani huishia katika chungu cha mwanamke asiye na mtu.

Kisa cha pili ni mashuhuri zaidi, nacho kimesimuliwa na Ibn Saad na wengineo. Umar alikuwa ameweka utaratibu wa posho kutoka Baitul Mal, na mtoto alianza kuhesabiwa baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja alikuwa akilinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina, pamoja na Abdurrahman bin Awf, akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamtaka amtunze mwanawe. Kilio kikarudi, naye akarudi, mpaka mara ya tatu. Yule mama, asijue anazungumza na nani, akamweleza kwamba anamwachisha ziwa mtoto kwa nguvu, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Mtoto alikuwa wa miezi michache tu. Imepokewa kuwa Umar aliposalisha Alfajiri watu hawakuweza kukisikia vizuri kisomo chake kwa wingi wa kilio. Baada ya sala akaamrisha itangazwe kwamba kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atapewa posho tangu kuzaliwa, na akaziandikia nchi zote zilizokuwa chini yake.

Mwanafunzi wa uchumi akisome kisa hiki mara mbili kabla ya kwenda ofisini. Nia ya kanuni ile ilikuwa njema. Aliyeitunga alikuwa miongoni mwa waadilifu wakubwa waliopata kutawala. Madhara yalitokea mahali ambapo hakuna ofisa aliyekuwepo, kwenye hema la mwanamke, kwa sababu watu hubadilisha mwenendo wao kuifuata kanuni ilivyoandikwa, si nia ya mwandishi wake. Na habari hiyo isingepatikana katika daftari la Baitul Mal hata lingekaguliwa mwaka mzima, kwani humo hesabu zilikuwa sawasawa. Ilipatikana kwa kutoka usiku na kuuliza.

Elimu hii haikuishia kwa Maswahaba. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798), alimwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu kizima kuhusu mapato ya dola. Humo alishauri wakulima wa Iraq watozwe sehemu ya mavuno badala ya kiwango kisichobadilika, kwa kuwa aliona kiwango cha namna hiyo kina madhara kwa hazina na kwa walipaji pia bei zinapopanda na kushuka. Naye Imam Ghazali aliihesabu elimu ya hisabu katika faradhi za kutoshelezana, kwa sababu miamala ya watu na mirathi haviwezi kwenda bila yake. Basi mzazi anayesema kwamba uchumi ni somo la riba tu, na kwamba mwanawe angesoma kitu cha maana, hajawatendea haki wanavyuoni wake mwenyewe.

Turudi nyumbani. Desemba 2018 serikali ya Tanzania ilianza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa sh. 20,000, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi sh. milioni nne. Makusudio yalikuwa wasisumbuliwe tena na ushuru wa kila siku. Wengi walishangilia, na wako walionung'unika. Mwanafunzi akitaka kujua nani ana haki, na akae chini na kalamu. Tuseme ushuru wa soko lake ulikuwa sh. 500 kwa siku. Siku 40 ni sh. 20,000. Muuza mbogamboga anayekaa gengeni siku 300 kwa mwaka alikuwa akitoa sh. 150,000, hivyo kitambulisho kilimwokolea sh. 130,000, huyo ana kila sababu ya kushangilia. Lakini yuko mama ambaye hauzi kitu mwaka mzima isipokuwa mwezi wa Ramadhani, tambi, tende na vitumbua vya futari, siku 30. Ushuru wake ulikuwa sh. 15,000, ukitolewa kidogo kidogo kutoka katika mauzo. Sasa alitakiwa atoe sh. 20,000 kwa mkupuo, kabla hajauza hata kitumbua kimoja. Kanuni ni hiyo hiyo moja, nayo imempa mmoja nafuu kubwa na kumwongezea mwingine mzigo. Anayeandika tu kwamba kitambulisho kimewanufaisha wajasiriamali hakusema uongo, wala hakusema kweli.

Mfano wa pili unaigusa kila familia inayosoma ukurasa huu. Tarehe 15 Julai 2021 zilianza kutumika kanuni za tozo ya miamala ya simu, kuanzia sh. 10 hadi sh. 10,000 kwa kila muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo ni za vituo vya afya na madarasa. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Miaka miwili iliyofuata ikaguswa tena na tena, mpaka bajeti ya mwaka 2023 ilipoiondoa kwa upande wa kutuma.

Hapa palikuwa na kazi kwa kijana mwenye daftari. Fedha ya simu katika nchi yetu ndiyo kamba ya kuungia udugu. Kijana aliyeko Kariakoo humtumia mama yake aliyeko Lindi. Mchango wa maziko hupita humo, na ujenzi wa msikiti na zaka ya mtu aliye mbali pia. Tozo ilipoingia, baadhi ya watu walirudia kumpa fedha dereva wa basi, wengine wakatuma mara moja kwa mwezi badala ya mara nne. Wakala aliyekuwa akiishi kwa kamisheni ya miamala alikaa kibandani akitazama barabara. Ni wangapi? Walipungukiwa kiasi gani? Maswali hayo hujibiwa kwa kwenda kwa mawakala kumi wa kata moja na kuhesabu miamala yao ya wiki moja kabla na wiki moja baada, huku ukikumbuka kwamba wiki ya mwisho wa mwezi haifanani na wiki ya katikati, na kwamba mwezi wa Ramadhani haufanani na miezi mingine.

Lakini, na hapa ndipo wengi wetu huteleza, kazi haijaisha. Kijana huyo huyo anatakiwa aende pia kwenye kituo cha afya kilichojengwa kwa fedha hizo, kama kipo katika kata hiyo, akaulize ni wajawazito wangapi wanajifungulia hapo ambao zamani walipanda bodaboda usiku kwenda wilayani. Hilo nalo lina thamani, hata kama halikuandikwa kwenye stakabadhi ya mtu yeyote. Vivyo hivyo mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006 na Bara tarehe 1 Juni 2019. Hasara ya aliyekuwa akiiuza huonekana mara moja, kwani ana jina na ana kibanda. Faida ya mtaro usioziba wakati wa masika imetawanyika kwa watu elfu, na hakuna hata mmoja wao anayekuja kuisimulia. Mchambuzi mvivu huhesabu kinachopiga kelele.

Kinyume chake pia hutokea. Iko gharama ambayo ofisi haioni kwa sababu haipiti mikononi mwake. Tuseme kibali kinauzwa sh. 10,000. Katika vitabu vya ofisi, mzigo wa kanuni ni sh. 10,000. Lakini mama lishe amekwenda mara ya kwanza akaambiwa mhusika yuko kikaoni, mara ya pili akaambiwa alete picha, mara ya tatu ndipo akapata. Siku tatu hakupika. Kama faida yake kwa siku ni sh. 8,000, amepoteza sh. 24,000 mbali na nauli. Gharama iliyojificha imeishinda ada yenyewe zaidi ya mara mbili. Mwaka 2018 serikali ilitoa Mpango wa Kuboresha Mazingira ya Biashara, uliokiri wazi kwamba wafanyabiashara wanazungushwa na taasisi nyingi zenye majukumu yanayofanana, na mwaka 2019 usajili wa vyakula na vipodozi ukahamishiwa TBS ili mtu asikaguliwe na taasisi mbili kwa bidhaa ile ile. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele kidogo: sheria yao ya mwaka 2013 kuhusu utungaji wa kanuni inataka kanuni inayoelekea kuwatwisha watu gharama kubwa iandaliwe kwanza maelezo ya athari zake. Nchini Marekani, Rais Ronald Reagan aliziamuru ofisi za serikali tangu mwaka 1981 zipime gharama na faida kabla ya kutoa kanuni kubwa. Kwa hiyo kazi wanayofundishwa vijana wetu ina soko na ina heshima. Linalobaki ni jinsi inavyofanywa.

Na hapa lazima tusemane ukweli. Katika ofisi nyingi mwanafunzi wa fildi hupokewa kama mzigo. Hupewa kazi ya kudurufu nyaraka, kupeleka mafaili ghorofani na kununua chai. Wiki ya saba ikifika hukumbuka kwamba anadaiwa ripoti. Ndipo anapomwendea rafiki aliyetangulia mwaka jana, akachukua ripoti yake, akabadilisha jina la wilaya na tarehe. Madodoso hamsini hujazwa usiku mmoja bwenini, kwa kalamu tatu za rangi tofauti ili mwandiko usifanane. Daftari la kumbukumbu za kila siku hujazwa kwa mkupuo, msimamizi akagonga mhuri bila ya kusoma. Mwalimu naye ana ripoti mia mezani. Kila mmoja ameridhika, na mtu pekee asiyekuwepo ni yule muuza samaki ambaye imeandikwa kwamba alihojiwa.

Mtume (S.A.W) alipita sokoni akalikuta rundo la nafaka. Kwa juu lilikuwa kavu. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, naye akasema ilinyeshewa. Mtume (S.A.W) akamtaka aiweke juu ile iliyolowa ili watu waione, na akamtoa mdanganyifu katika kundi lake. Hadithi hii iko katika Sahihi ya Imam Muslim, na huwa tunawasomea wauza mchele. Mimi naona inamhusu pia mwenye ripoti ambayo jalada lake ni safi, majedwali yake yamepigwa mistari, na ndani yake yamo majibu ya watu ambao hawakuulizwa. Tofauti yao ni kwamba aliyenunua nafaka iliyolowa atajua akifika nyumbani. Ofisa anayepanga kiwango cha ushuru kwa kutegemea takwimu za bwenini hatajua kamwe, na atakayelipa ni mtu wa tatu.

Iko hila nyingine iliyo laini zaidi. Kijana amefanya kazi kweli, amekwenda sokoni, amehesabu. Kisha msimamizi wake wa ofisini anamwambia kwa upole kwamba jedwali la nne halipendezi, tuliondoe tu, usije ukatuletea maneno. Au upande wa pili: mjomba wake ni mfanyabiashara, ndiye aliyemlipia ada, naye anataka kusikia kwamba kila tozo ni dhulma na kila ukaguzi ni rushwa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Allah (S.W) anawaamrisha waumini wasimame imara kwa uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao, awe mtu huyo tajiri au masikini. Wengi tunaikumbuka aya hii kwa upande wa tajiri. Imemtaja masikini pia. Huruma yetu kwa mama lishe haituruhusu kuficha kwamba kanuni ya maji safi imezuia kipindupindu mtaani kwake; wala heshima yetu kwa serikali haituruhusu kuficha kwamba ada imemfungia kibanda. Na katika Suratul-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kuyafuata tusiyo na elimu nayo, tukaambiwa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Najua wako watakaosema kwamba haya ni rahisi kuandikwa gazetini. Yalipopita marekebisho ya Sheria ya Takwimu mwaka 2018, yaliyobana utangazaji wa takwimu zinazopingana na za serikali, watafiti wengi waliingiwa na hofu, na hofu haikuisha yote hata baada ya kulegezwa mwaka 2019. Simtaki mwanafunzi wa miaka 22 awe shujaa wa magazeti. Namtaka aandike alichokiona, kwa lugha ya adabu, ampe aliyemtuma, na akiambiwa aondoe jedwali aombe maelekezo hayo kwa maandishi. Mara nyingi hilo peke yake hutosha, kwani wanaopenda kufuta kwa mdomo hawapendi kufuta kwa kalamu.

Kwa wazazi ninayo machache. Mzazi mwenye uwezo wa nauli ya wiki nane asimlazimishe mwanawe akimbilie ofisi yenye posho na kuiacha yenye kazi. Na asiyekuwa na uwezo, jamaa zake na jirani zake wa msikitini wanaweza kumchangia. Tunachangia kumbi za harusi kwa fedha nyingi kuliko hizo. Kuhusu mabinti, nimesikia wazazi wanaowazuia kwenda kuhoji sokoni au kwenye mialo ya samaki, wakisema si mahali pao. Hofu ya usalama ni ya haki. Basi waende wawili wawili, mchana, kwa stara yao, na kwa barua ya utambulisho. Lakini tusiseme kwamba soko ni haramu kwa mwanamke msomi. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar alimkabidhi bibi Shifaa bint Abdillah sehemu ya mambo ya soko la Madina, ingawa wako wanavyuoni walioitilia shaka riwaya hiyo. Lisilo na shaka ni kwamba wauzaji wengi wa chakula katika miji yetu ni wanawake, nao humweleza binti mambo ambayo hawatamwambia mvulana mwenye faili.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Kijana akija na dodoso, wengi humdhania ametumwa na watu wa mapato, basi humpa hesabu za uongo. Hivyo wanajidhulumu wenyewe, kwa kuwa hesabu za uongo ndizo zitakazotumika kuwapangia kiwango. Mwanafunzi kwa upande wake ajue kwamba mauzo ya mtu ni siri aliyowekewa amana. Jina lisiandikwe, namba ya simu isiandikwe, na karatasi ile isifike mezani kwa mtoza ushuru. Akiivunja amana hiyo mara moja, wanafunzi kumi watakaomfuata hawatajibiwa.

Misikiti inaweza kusaidia kwa wepesi. Baina ya Magharibi na Isha hukaa pamoja muuza vifaa vya ujenzi, dereva wa daladala, mvuvi na fundi cherehani. Imamu akimtambulisha kijana na kueleza kazi yake, milango itafunguka. Ila kijana asiishie hapo. Msikitini hatawakuta wanawake wengi, wala Wakristo wanaouza meza moja na ndugu zetu, na kanuni ya soko haimuulizi mtu dini yake.

Mwisho nina ombi kwa vyuo, na kwa namna ya pekee Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, ambacho wengi wetu tunakitazama kama cha kwetu. Ripoti nyingi za mafunzo kwa vitendo huandikwa kwa Kiingereza, zikafungwa vizuri, zikawekwa kabatini. Nakala moja ibaki chuoni, ya pili ibaki ofisini. Muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, urudi sokoni, usomwe mbele ya wale waliohojiwa, na wapewe nafasi ya kusema ni wapi kijana amekosea hesabu.

Wallahu a'lam.